Mahali Palipoachwa Peupe

Jirmo Dalacha hakujua kukaa. Ngozi ya ng'ombe aliyopewa na mama mkwe wake siku alipooa ilikuwa bado na manyoya yake yote, na mkewe, Talaso, alipenda kuwaonyesha wageni. "Haya, tazameni wenyewe," alikuwa akisema. "Mtu kaikalia siku ya arusi tu, tena kwa kushikwa mabega." Chai Jirmo aliinywa wima. Kwenye vikao vya wazee alisimama pembeni, fimbo imelala mabegani na mikono imening'inia juu yake, na hotuba ikirefuka kidogo alitoka nje kutazama upepo unatoka wapi. Golicha Tache, rafiki yake tangu utotoni na mtani wake asiyechoka, alidai kwamba siafu walimwingia Jirmo kikoini akiwa mchanga na hawajatoka mpaka leo.

Kumbe siafu wenyewe ni mwaka mmoja wa ukame, Jirmo akiwa ndiyo kwanza ndevu zinaanza kuota. Ng'ombe wa baba yake walianguka njiani mmoja baada ya mwingine, na waliokuwa nyuma wakawapita bila kugeuza shingo. Wachache waliosalia walifikishwa Dida Karaso, uwanda ulio ng'ambo ya mawe meusi, ambao wazee wa wakati ule walikuwa wameuzuia hata kwenye mvua nzuri, mpaka watu wakawaita wachoyo. Nyasi zilikuwa kavu, ndefu, zinafika tumboni mwa ng'ombe. Mama yake Jirmo, aliyebebwa juu ya ngamia kwa kuwa miguu ilikataa, aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja aliyepona pale. Tangu hapo Jirmo hakuyaamini tena majani yaliyo mbele ya macho yake. Mvua ikinyesha vizuri na watu wakiimba, yeye alikuwa akiuliza, je, isiponyesha tena?

Kwa hiyo alipokuwa mtu mzima na watu wa kwao, Kubi Sora, wakatafuta mzee wa malisho, hawakutafuta mbali. Kazi ya mzee wa malisho ni kutembea na kugombana. Yeye ndiye anayesema kundi hili liende huku na lile lirudi, na anayekaidi anatozwa mtamba, mtamba anachinjwa, na watu wote wanamla mbele ya mwenyewe. Jirmo aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, na nusu ya watu walimchukia, kama inavyopaswa. Aliifungua Dida Karaso mara moja tu katika wakati wake, mwaka ambao visima vilitoa matope. Ng'ombe wake mwekundu, Dimtu, alikuwa ndama wakati huo. Waliingia, wakala kwa utaratibu, wakatoka mvua ilipoanza, na uwanda ukafungwa tena.

Na jina lake halitajwi. Hilo ndilo jambo ambalo mgeni hulicheka, lakini kwetu si la mchezo. Wakati majani yako kwingine, hutamki Dida Karaso kisimani, hutamki mbele ya mgeni, hutamki mbele ya mtoto mwenye mdomo mwepesi. Unasema "kule," unageuza uso. Jina likifika kisimani asubuhi, jioni jirani yako analijua, na ukame ukija unamkuta ameshapiga kambi.

Basi kaunti ikaja kutaka ramani.

Ilikuja kwa heshima zake zote. Gari jeupe, maji ya chupa, karatasi kubwa iliyotandazwa juu ya madawati manne ya shule. Ilisemekana kwamba kaunti nzima inapangwa upya, hapa malisho, hapa makazi, hapa kilimo, hapa wanyama wa porini, na kitakachoandikwa ndicho kitakachokuwa. Aliyetumwa kuandika hakuwa mgeni. Alikuwa Diramu, binti wa dada yake Jirmo, aliyezaliwa mjini na kukulia mjini kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu huko. Alisomea mipango ya ardhi, akarudi kufanya kazi nyumbani, na Talaso alipomwona alilia kwa furaha kisha akamgombeza kwa kukonda.

Wazee walikuwa wamekutana jana yake. Hawakubishana hata kidogo, jambo ambalo lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Kila kitu kichorwe, walisema, ila kule. Jirmo mwenyewe ndiye aliyelisema kwanza, akizunguka nyuma ya migongo yao. "Visima wachukue, njia wachukue, hata mahali mbwa wangu anapolala wachore. Kule hapana. Karatasi ya kaunti inasomwa na kila mtu."

Shuleni kazi ilienda vizuri. Wazee waliinamia karatasi, wakagombania kalamu, wakachora visima, mabwawa, mahali ng'ombe wanapolamba chumvi, na njia zao. Golicha alichora kisima cha ukoo wake kikubwa kuliko mlima, akaambiwa akipunguze, akakataa. Kisha Diramu akaweka kiganja juu ya sehemu iliyobaki tupu, nyuma ya mawe meusi.

"Na huku, mjomba?"

Golicha akaanza kukohoa.

"Huko hakuna kitu," Jirmo alisema. "Mawe."

"Mawe matupu? Mbona panaonekana pakubwa?"

"Mawe makubwa."

Darasa zima likacheka. Diramu naye akacheka, lakini hakuondoa mkono. "Hata kiangazi kikali hamwendi?"

"Kuna fisi, binti yangu. Nenda kawaulize wao."

Walipomaliza, wengine wakiwa wameshatoka kwenda kula, alimfuata Jirmo aliyekuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake. Alisema kwa sauti ya chini. "Mjomba, nikipaacha peupe, patasomwa kuwa peupe. Una hakika?"

Jirmo akampapasa kichwa. "Wewe andika, mwanangu, kisha ukanywe maziwa. Huo mwili ni wa panzi."

Wakatia dole gumba, wote, chini ya karatasi. Jioni ile kwa Golicha zilikaangwa buni kwa samli, watu wakatafuna, wakajipaka samli mikononi na usoni kama ilivyo desturi, na wakacheka hadi mbavu zikauma. Serikali na magari yake! Wazee wameuficha uwanda mzima mbele ya macho yake! Jirmo alicheka kuliko wote, akienda na kurudi mlangoni na kikombe mkononi.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nzuri. Ng'ombe walinona mpaka wakawa wavivu. Siku moja Golicha, aliyekwenda kwa chifu kwa shida zake, alirudi akikimbia, na Golicha si mtu wa kukimbia. Tumbo lilifika kwanza.

"Jirmo. Wamepapaka rangi."

"Wapi?"

"Kule."

"Kule wapi?"

"Kule! Kule, wewe mtu! Unataka nilitaje jina?"

Jirmo hakungoja viatu. Kwenye ukuta wa ofisi ya chifu ilibandikwa rasimu ya mpango, rangi tele, nzuri kama leso mpya. Malisho yao yalikuwa kijani. Visima vyao vilikuwepo, hata kile cha Golicha, sasa kidogo kabisa. Na nyuma ya mawe meusi palikuwa na kiraka kikubwa cha manjano chenye mistari. Karani wa chifu akasoma maandishi yake kwa kidole. Ardhi isiyotumika. Imependekezwa kwa shamba la nyasi za biashara, litakalozungushiwa uzio.

"Nyasi za biashara ni zipi?" Jirmo aliuliza.

"Za kukata na kufunga. Mwekezaji anazihifadhi, kiangazi kikija anawauzia wafugaji."

"Wafugaji gani?"

Karani akamtazama kwa huruma. "Si ninyi, mzee?"

Aliondoka kwenda mjini palepale, kwa miguu, ingawa bodaboda walimwita kila kona. Hakutaka kukaa nyuma ya mtu. Alilala kwa ndugu njiani, asubuhi akaingia ofisini kwa Diramu na vumbi mpaka kwenye kope. Akapewa kiti. Akakishika mgongo wake, akasimama nyuma yake.

"Panaitwa Dida Karaso," alisema, bila hata salamu, na ulimi wake uliogopa kulisema jina hilo katika mwaka wa majani. "Si mawe. Ni malisho. Ni roho zetu."

Diramu aliiweka kalamu chini. Aliposema, sauti yake ilitetemeka, na haikuwa kwa hasira tu.

"Mjomba, nilikuuliza mara nne."

"Uliniuliza."

"Mbele ya watu nilikuuliza, na pembeni nikakuuliza. Ukanichekesha na fisi."

"Nilikuchekesha. Sasa futa."

"Laiti ingekuwa ni daftari langu! Kuna kamati. Kuna mwekezaji ameshakuja na watu wake. Na kuna karatasi yenye vidole vyenu, wazee wote, mnasema hapatumiki. Nikiwaambia leo kwamba ni malisho, unajua watasema nini? Watasema wazee wamesikia harufu ya pesa."

"Tule kiapo."

"Watataka kuona. Nimeshaziangalia picha zinazopigwa kutoka angani, mjomba, za miaka yote ya karibuni. Hakuna njia ya ng'ombe. Hakuna boma. Hakuna alama ya kwato hata moja. Hivi ni malisho gani hayo yasiyolishwa?"

Jirmo aliuacha mgongo wa kiti. Alikwenda dirishani, akarudi. Angesema nini? Kwamba hapana kwato kwa sababu yeye mwenyewe amekesha miaka yote asiruhusu kwato? Alilisema, vilevile lilivyo, na Diramu akaitikia kwa kichwa, macho yamemjaa maji.

"Nakuamini. Nitawaandikia hivyohivyo, kwamba ni akiba. Lakini nakwambia ukweli, hawatasoma neno akiba. Nimewaombea ukaguzi wa mwisho kabla mpango haujapitishwa. Wiki ijayo watakuja kuona kwa macho. Wakikuta pametulia, wataandika kwamba pametulia."

"Na wakikuta ng'ombe?"

Diramu aliufunga mlango kwanza. Alikuwa mtoto wa mjini, lakini hakuwa mjinga. "Wakikuta ng'ombe," alisema, "hapo watakuwa hawana la kusema."

Alirudi Kubi Sora haraka kuliko alivyokwenda. Wazee walikutana mchana huohuo, na safari hii walibishana hadi mate yakakauka. Wengine walitaka waende wote mjini wakalie nje ya ofisi. Wengine walimlaumu Jirmo, na wengine wakawakumbusha hao kwamba vidole vyao pia viko kwenye karatasi ile. Jirmo alizunguka nje ya duara lao mara nyingi kiasi kwamba mmoja alimwomba asimame, anampa kizunguzungu.

"Tuingize ng'ombe," hatimaye alisema.

"Kule? Sasa?" Golicha aliuliza. "Majani yamejaa hadi mlangoni kwangu!"

"Kwa wiki moja. Waone kwato, waone mavi, waandike, waondoke. Kisha tunafunga."

"Na nani ataingia wa kwanza? Maana mimi mtamba wangu nampenda."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa akitazama mchanga mbele ya miguu yake. Kuingia kule wakati wa majani lilikuwa jambo ambalo watoto walitishiwa nalo.

"Nitaingia mimi," Jirmo alisema. "Na faini nitalipa, kama mtu yeyote."

Alilipa. Alimleta mtamba aliyezaliwa na Dimtu, akamfunga kamba mwenyewe, na wazee walipomwambia si lazima, hili ni jambo la wote, aliwakaripia kwa maneno yasiyoandikika. Nyama ililiwa kimya. Golicha, ambaye hajawahi kuishiwa maneno mbele ya nyama, alisema tu kwamba chumvi haitoshi.

Nyumbani Talaso alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi, na hakugeuka alipoingia.

"Unakwenda kulisha ng'ombe walioshiba," alisema.

"Nakwenda kuiokoa ardhi, mama Halake."

"Ardhi bila nyasi ni mawe. Ulisema mwenyewe darasani, mawe makubwa. Sasa unakwenda kuyatengeneza."

"Wakiweka uzio tutaingia wapi?"

"Sijui!" Sasa aligeuka, macho mekundu kwa moshi, au si kwa moshi. "Sijui, Jirmo. Ninachojua ni kwamba mama yako alikuwa akilisema jina la pale kama anasali. Nenda basi, mbona umesimama?"

Alfajiri aliwavusha ng'ombe wake kupita kwenye mawe meusi. Nyasi zilikuwepo, Mungu wangu, zilikuwepo, mbichi chini na kavu juu, mwaka juu ya mwaka, hadi ng'ombe wadogo hawakuonekana ila pembe. Alikuwa amezilinda muda mrefu kiasi kwamba alikuwa amesahau uzuri wake. Na ng'ombe hawakuzitaka. Hilo ndilo lililomchoma. Walikuwa wameshiba. Waliuma kidogo hapa, kidogo pale, wakazikanyaga, wakazilalia, wakacheua wakiwa wamelala juu yake. Dimtu tu ndiye aliyekula kwa bidii. Jirmo aliwapigia kelele wale, wasile, hakujua mwenyewe anachowaambia.

Siku hiyohiyo yakafuata makundi mengine ya Kubi Sora. Vumbi likapanda, na vumbi halina siri. Majirani wa upande wa pili, watu wa damu moja lakini wa visima vingine, waliliona wakiwa mbali. Walikuja wakiwa na adabu, wakasimama ukingoni, wakauliza.

"Mzee wa malisho, kumefunguliwa?"

Angesema hapana, na ng'ombe wake wako katikati? Aliwaambia ni kwa muda mfupi tu, kwa ajili ya wakaguzi. Wakasema sawa, muda mfupi, wakaingia na wanyama wao wote.

Wiki ikaisha. Wakaguzi hawakuja. Diramu alipiga simu, Jirmo akapanda juu ya mawe kuupata mtandao. Gari halikuwa na mafuta, wangekuja wiki inayofuata. Wiki hiyo kamati ilikuwa na semina. Baada ya semina mkubwa wao aliugua. Kila asubuhi Jirmo alipanda mawe yale kutazama vumbi la gari, na kila jioni alishuka na kuona uwanda umefupika. Alitaka kuwatoa ng'ombe. Lakini vipi wakija kesho? Mvua moja tu ya rasharasha ingefuta kila alama, na nyasi zingesimama tena kana kwamba hakuna aliyewahi kupita. Na hata kama angetoa wa kwake, nani mwingine angetoka? Aliwafuata watu wa upande wa pili, akawaambia sasa basi. Walimsikiliza kwa heshima. "Toka wewe kwanza, mzee," walisema, "nasi tutafuata nyayo zako." Hakutoka. Hakuweza kutoka.

Alipungua mwili. Usiku Talaso alimsikia akizunguka boma, nyayo zile zile, na hakumwita tena aje alale.

"Mpigie simu mtoto," Golicha alimwambia siku moja. "Mwambie aje peke yake."

"Nimempigia. Analia tu."

Gari jeupe lilikuja wakati nyasi zilipokuwa hazifuniki tena kwato. Alishuka mkaguzi mkuu, mtu mpole mwenye kofia ya majani, na Diramu nyuma yake. Diramu alitazama uwanda, kisha akamtazama mjomba wake, akaweka mkono mdomoni. Mkaguzi alitembea. Alipiga picha mavi, akapiga picha njia zilizochimbika, akapiga picha maboma ya miiba. Aliwauliza wachungaji maswali, akaandika majibu kwa makini. Hakuwa na kiburi wala haraka.

"Wazee, tulikosea," alisema mwishoni, na alimaanisha. "Hapa panatumika. Hakuna ubishi. Nitaandika ni malisho, na yule mwekezaji atafute kwingine."

Watu walipiga makofi. Wengine walimkumbatia Jirmo, aliyekuwa amesimama na fimbo yake mabegani.

"Lakini niwape ushauri kama ndugu," mkaguzi aliendelea, akiikuna ardhi kwa ncha ya kiatu. "Hapa mmelisha kupita kiasi. Hii ni ardhi nzuri sana, mkiipumzisha miaka kadhaa itawafaa wakati wa shida."

Hakuna aliyempigia makofi kwa hilo. Golicha alimwangalia Jirmo kwa hofu, akidhani atampiga mtu fimbo. Jirmo alisema tu, "Ahsante, bwana," akaenda kuwaangalia ng'ombe.

Mpango ulipitishwa. Ramani mpya ilibandikwa kwa chifu, na nyuma ya mawe meusi palikuwa kijani, kijani kibichi kabisa, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa ambazo kila apitaye angeweza kuzisoma. Dida Karaso. Karani alimwonyesha Jirmo kwa fahari. Makundi yalitoka yote, hata ya upande wa pili, kwa kuwa hapakuwa na cha kubakia, na uwanda ukafungwa tena. Jirmo alianza kusubiri mvua za kuziotesha nyasi upya. Alitembea ukingoni mwa uwanda kutwa, akiinama, akigusa vishina kwa kidole. Palikuwa na uhai ndani yake. Mvua moja tu nzuri, alimwambia Talaso. Moja tu.

Mvua hazikuja. Za vuli zilipita kwa mbali, zikanyesha kwa watu wengine. Malisho ya karibu yakaisha, ya mbali yakaisha, visima vikaanza kutoa matope. Watu wakaanza kumtazama Jirmo kwa jicho la lawama. Hata watoto wadogo walikuwa sasa wanalijua jina.

Siku moja alasiri Dimtu hakusubiri kuambiwa. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi, lakini aligeuza kichwa upande wa mawe meusi, akaanza kwenda, hatua kwa hatua, na kundi lote likamfuata, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Jirmo alimkimbilia mbele, akainua fimbo kumrudisha. Dimtu akasimama, akamtazama, akampita. Angempigaje? Njia ile alifundishwa naye, akiwa ndama.

Akamwacha. Akawafuata nyuma.

Talaso alimkuta jua likiwa limeshuka. Alikuwa amekuja na kibuyu cha maji, akiwa na hasira tayari mdomoni, maneno ambayo alikuwa ameyapanga njia nzima. Uwanda ulikuwa mwekundu na mtupu hadi mwisho wa macho. Ng'ombe walikuwa wametawanyika, wakinusa udongo, na Dimtu alikuwa katikati akisukuma mavumbi kwa pua yake, akiinua kichwa, akisogea kidogo, akisukuma tena, kwa subira, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali fulani.

Na Jirmo alikuwa amekaa. Chini, kwenye vumbi, miguu imenyooshwa mbele, fimbo imelala kando.

Talaso alisahau maneno yote. Katika maisha yao yote hajawahi kumwona hivyo, na alishikwa na woga ambao hata ukame haukuwa umemtia.

"Baba Halake," alisema. "Inuka."

Hakuinuka.

"Inuka, nakuomba. Simama basi. Tembea kidogo."

"Anatafuta," Jirmo alisema, bila kuondoa macho kwa ng'ombe yule mwekundu. "Muone. Anajua nilimwekea."